Kujibana katikati, kufungukia pembeni: maswali ya makocha wa Dodoma kuhusu mashambulizi ya kushtukiza

Majibu haya ni kwa makocha wa timu za mitaa, kata na shule, kuanzia Nkuhungu na Chang'ombe mpaka Bahi, Chamwino na Kongwa: wenye vijana kumi na wanane hivi, mipira michache na uwanja wa vumbi. Mfumo ninaouzungumzia ni 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili) inayojibana katikati timu isipokuwa na mpira, halafu inafungukia pembeni mpira ukishapokwa. Anayetaka kumiliki mpira dakika tisini nzima ataniona mshamba, na tuachane kwa amani.

Kwa nini 4-4-2, wakati kila mtu siku hizi anacheza 4-3-3 au 4-2-3-1?

Kwanza, inafundishika. Mistari miwili ya watu wanne wanne kijana anaiona kwa macho yake, na kila mtu ana jirani anayemjua: winga wa kulia ana namba mbili (beki wa kulia) nyuma yake, namba nane (kiungo wa kati) ubavuni, mshambuliaji mbele. 4-3-3 inadai namba sita, kiungo mkabaji, anayesoma mchezo kabla haujafika. Kijana wa aina hiyo ukibahatika kumpata mtaani, msimu haujaisha timu ya daraja la juu imeshampitia.

Pili, ukiwa na washambuliaji wawili mbele, mpira uliopokwa una vituo viwili vya kwenda badala ya kimoja. Mshambuliaji aliyeachwa peke yake kati ya mabeki wawili wa kati hupigwa kumbo mpaka anachukia mpira.

Na wanaosema ni mfumo wa wazee wakumbushe Leicester City ya Claudio Ranieri, msimu wa 2015/16. Ilitwaa ubingwa wa England kwa pointi 81, kumi mbele ya Arsenal, huku mechi nyingi ikimwachia mpinzani mpira auchezee. Vardy alifunga mabao 24 ya ligi, Mahrez 17. Mmoja mshambuliaji wa mbio, mwingine winga. Hesabu hiyo inakuonyesha timu ilikuwa inapumulia wapi.

Unafaa viwanja vyetu hivi vya mchangani?

Unafaa kuliko mingi. Mvua za huku zikishakatika, ardhi inakauka na kuwa ngumu mpaka Desemba, na mpira unadunda juu hata kwa pasi ya mita tano. Timu inayopasiana katikati ya uwanja wa namna hiyo inacheza kamari: kiungo anatuliza kwa goti, mpira unamruka, na tayari watu wamempita. Pembeni, mpira ukikuruka unatoka nje na ni wa kurusha. Katikati ukikuruka, ni bao.

Halafu kuna upepo, na hapa watu wengi wanafikiri kinyume. Wanaamini pasi ndefu ni ya kupigwa upepo ukiwa mgongoni. Jaribu uone: ukipiga nyuma ya mabeki huku upepo unausukuma, mpira unakimbia moja kwa moja mpaka mikononi mwa kipa, na winga wako amekimbia bure mita arobaini. Upepo ukiwa usoni, mpira ule ule unakufa hewani na kudondoka mbele ya winga. Kwa hiyo tukiwa na upepo mgongoni tunatambaza pasi chini, kwenye uchochoro kati ya beki wa kati na beki wa pembeni. Tukiwa tunaukabili, ndipo tunanyanyua.

Usipuuze sarafu ya refa pia. Tangu sheria zibadilishwe 2019, nahodha anayeshinda kura anaweza kuchagua goli au kuchagua kuanza na mpira. Nahodha wangu huchagua goli, daima. Mechi za saa kumi jioni zinamalizikia jua likiwa chini kabisa. Kama uwanja umelala mashariki-magharibi, pangeni ili kipindi cha pili kipa wenu awe ameligeuzia jua mgongo. Jua hilo ni baya kuliko upepo.

Huku si kupaki basi tu, mwalimu?

Anayepaki basi anaingiza watu tisa ndani ya boksi na kuomba filimbi. Sisi tunakaa nje ya boksi, na tunakaa hivyo kwa sababu tunataka mpinzani apande.

Tazama Morocco kwenye Kombe la Dunia la 2022 pale Qatar. Mpaka wanaingia nusu fainali, wa kwanza kutoka Afrika kufika huko, walikuwa wameruhusu bao moja tu, nalo walijifunga wenyewe dhidi ya Canada. Njiani walikuwa wameshakutana na Croatia, Ubelgiji, Hispania na Ureno. Walilinda kwa namba, ni kweli. Lakini mpira ukipokwa, Hakimi, Ziyech na Boufal walikuwa wanaondoka nao, hawaubutui. Bao lao la pili dhidi ya Ubelgiji, dakika za nyongeza, Ziyech aliupeleka mpira ubavuni mwa boksi na kumrudishia Aboukhlal, akafunga. Timu iliyopaki basi haina watu wawili pale mbele katika dakika ya tisini na kitu.

Tusipokuwa na mpira, kila mtu asimame wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana makocha wengi wanaruka moja kwa moja kwenye mbio za mawinga na kusahau kwamba shambulizi linatengenezwa kabla mpira haujapokwa.

Boksi la penalti lina upana wa mita 40.32 kisheria, uwanja uwe mkubwa au mdogo. Uwanja wa upana wa mita 68 ukiugawa kwa mabeki wanne, kila mmoja anabeba mita 17, na hakuna kijana wa kulinda mita 17 peke yake. Gawa upana wa boksi tu, kila mmoja anabaki na mita kumi. Kwa hiyo tunalinda upana wa boksi, na chaki, yaani mstari wa pembeni, tunamwachia mpinzani ajifurahishe nayo.

Mabeki wanaanzia kama mita 25 kutoka golini, viungo wako mbele yao kwa hatua kumi na mbili za mtu mzima (nawapimia kwa hatua kweli, uwanjani, wakiwa wamesimama), na washambuliaji wako jirani na mstari wa katikati. Mpira ukienda kulia kwetu, wote wanane wa nyuma wanahama kulia. Winga wa kulia anatoka kumkabili mwenye mpira, namba mbili anabaki nyuma yake hatua saba au nane, na winga wa kushoto anaingia ndani mpaka usawa wa nukta ya penalti. Shabiki akimwona winga wa kushoto kasimama katikati ya uwanja atapiga kelele kwamba kapotea. Mwache apige.

Sasa mtego. Beki wa pembeni wa mpinzani tunamwacha huru makusudi. Anaonekana hana mtu, kwa hiyo wenzake wanampa. Pasi hiyo ndiyo ishara yetu: mpira ukiwa bado unasafiri, winga wetu anachomoka kutoka ndani kwenda nje, akiwa ameziba njia ya kurudisha mpira katikati. Mshambuliaji wa karibu anaziba pasi ya kurudi kwa beki wa kati. Kijana wa watu anabaki na chaki upande mmoja na miguu yetu upande mwingine. Na kwa kuwa alishapanda kuupokea, mgongoni kwake pameachwa wazi. Tukimpora hapo, njia ya kwenda golini kwao tayari ipo.

Mazoezini nenda na neno moja tu la kuanzisha mtego. Sisi tunasema "sasa", na anayelisema ni namba sita peke yake. Wakisema watatu, watatoka watatu kwa nyakati tatu tofauti.

Sasa kama mawinga wamejibana ndani, huo upana unatoka wapi?

Upana tunaufikia tukishapata mpira. Hatuusubirii tukiwa tumesimama. Winga anayengoja chaki wakati mpinzani ana mpira amewaachia viungo wake wawili kazi ya watu wanne.

Mpira ukishapokwa zinahitajika mbio tatu kwa pamoja. Winga wa upande ule ule anachomoka nje na mbele. Mshambuliaji wa karibu anaingia uchochoroni, kati ya beki wa kati na beki wa pembeni. Ya tatu ni ya winga wa mbali, na ndiyo inayokosewa sana: hatoki kwenda chaki yake. Tayari yuko ndani, kwa hiyo anakata moja kwa moja kuelekea nguzo ya mbali. Akitoka nje kwanza, amepoteza mita kumi na tano na hakuna beki aliyemfuata.

Mfano wake mzuri ni bao la Ubelgiji dhidi ya Japan, hatua ya 16 bora, Kombe la Dunia la 2018 pale Rostov. Japan walikuwa wameongoza 2-0, wakasawazishiwa, na dakika ya nne ya nyongeza walikuwa wanapiga kona wakitaka la tatu. Courtois akaudaka, akakimbia nao hatua chache na kuubingirisha kwa De Bruyne. De Bruyne akaondoka nao katikati ya uwanja, mbele kweupe. Lukaku, aliyekuwa upande wa kulia, akakata mbio kwenda ndani na beki akamfuata. Kulia pakabaki jangwa, na Meunier akawa anaingia humo. Pasi ikaenda kwake, naye akakrosi chini kwa mguso mmoja. Lukaku akaupisha katikati ya miguu yake. Nyuma yake, nguzo ya mbali, Chadli alikuwa amefika kutoka kushoto. 3-2.

Wachezaji wangu wote huishia kumsifu De Bruyne. Mimi nawaambia waangalie tena wakimfuata Lukaku peke yake, ambaye hakuugusa mpira hata mara moja, kisha wamfuate Chadli. Hakwenda chaki. Alikimbia mstari mmoja tu, wa golini.

Pasi ya kwanza baada ya kupoka iende wapi?

Kwa mtu anayetazama goli la mpinzani. Mara nyingi aliyepoka mpira ameinamisha kichwa na anazongwa, hana anachokiona. Kazi yake ni kumsukumia jirani aliyesimama vizuri, na huyo wa pili ndiye anayeamua. Kupoka, kumpa jirani, kupeleka mbele. Pasi ya nne ikifika bado tupo nusu yetu, kushtukiza kumekwisha. Tulieni mjenge upya.

Kuhusu kumpa winga mguuni au mbele yake, mpiga pasi amsome beki. Beki aliyepanda anapigiwa nyuma. Beki aliyebaki amekaa, winga apewe mguuni amfuate, kwa sababu ukimpigia nyuma beki aliyekaa ni sawa na kumpa mpira yeye mwenyewe.

Na siyo kila mpira uliopokwa ni shambulizi. Wawili wetu dhidi ya watano wao, pooza mpira, subiri wenzako wapande. Vijana wenye mbio hawapendi kusikia hili.

Washambuliaji wawili wanagawanaje kazi?

Mmoja anakaa bega kwa bega na beki wa mwisho, mwingine anashuka. Anayeshuka ana kazi mbili: mpinzani akiwa na mpira, anasimama juu ya namba sita wao, sisi tukiupata, anakuwa jirani wa kwanza wa kupasiwa. Okazaki alifanya hivyo kwa Vardy pale Leicester. Hakuwa na mabao mengi, lakini bila yeye viungo wawili wangezidiwa kila wiki.

Kwa yule wa mbele, mfundishe sheria ya kuotea mpaka aijue kuliko mshika kibendera. Aliye nusu yake mwenyewe, au juu ya mstari wa katikati, haotei hata kama mbele yake yupo kipa peke yake. Kwa hiyo mpinzani akipandisha mabeki mpaka mstari wa katikati, asimame hatua moja upande wetu na aanze mbio kutoka hapo. Tena hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha, goli kiki wala kona. Nimeona washambuliaji wa ligi ya wilaya wanarudi mbio kwenye mpira wa kurusha, wakikimbia kosa lisilokuwepo.

Winga wa mguu wa kushoto nimweke kushoto au kulia?

Inategemea nani anamalizia. Kama una namba tisa (mshambuliaji wa kati) mrefu anayeruka, weka winga wa kushoto kushoto amwage majalo, yaani krosi za juu. Kama mfungaji wako mkuu ni winga mwenyewe, mgeuze: Mahrez ni wa mguu wa kushoto na alicheza kulia, akiingia ndani kupiga.

Mimi kwa timu ya mtaani naanza na mguu wa upande wake. Katika shambulizi la haraka, winga aliyegeuzwa hulazimika kusimama kidogo ili auweke mpira kwenye mguu wake, na kusimama huko kidogo kunatosha mabeki kurudi. Mahrez alijua kusimama na bado akampita mtu. Wa kwako anajua?

Mabeki wa pembeni wapande au wakae?

Wimbi la kwanza wanakaa. Shambulizi likikwama na mpira ukabaki kwetu upande wa mpinzani, apande mmoja, wa upande wa mpira, na yule mwingine asogee ndani wabaki watatu nyuma. Wakipanda wote wawili, mtafungwa bao lile lile mlilokuwa mnataka kufunga.

Wapinzani wana viungo watatu, sisi wawili. Tutazidiwa?

Mtazidiwa mkiwakimbiza. Namba sita wao ni wa mshambuliaji anayeshuka, nimeshaeleza. Namba nane wao wawili ni wa viungo wetu, na winga wa mbali akiingia ndani kama nilivyosema, anakuwa mtu wa tatu au wa nne pale kati. Tatizo halisi linakuja mshambuliaji wako akichoka, kuanzia dakika ya sitini hivi, akaacha kushuka. Namba sita wao anaanza kugeuka na mpira bila bughudha, na benchi linadhani kiungo ndiye mbovu. Badilisha mshambuliaji, acha kiungo.

Na wapinzani wakigoma kuja? Wanakaa nyuma, wanatuachia mpira.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na mfumo huu hauna jibu tamu. Timu zikishawajua, zitafanya hivyo, hasa mkiwa nyumbani na watu wenu wamejaa wanataka mabao.

Kinachosaidia ni kuwalazimisha watoke. Mabeki wa kati wapasiane wao kwa wao, bila haraka, hata mashabiki wakizomea. Kundi lililokaa nyuma dakika kumi bila kuugusa mpira huanza kutoka mmoja mmoja, na anayetoka kwanza huacha shimo. Hapo mawinga sasa ndiyo wanakaa chaki, mapema, wote wawili, ili beki wanne wa mpinzani watanuke. Mpira ukikwama upande mmoja, urudishwe na uhamishiwe upande wa pili kwa pasi mbili, siyo sita.

Njia nyingine ni kuwapa mpira makusudi. Piga mpira wa juu nyuma ya beki wao wa pembeni dhaifu, aupate yeye, akiwa anatazama goli lake, halafu mfuateni watatu. Mpira unaoporwa mita ishirini kutoka golini hauhitaji mbio za mita sitini. Na kona na faulo zifanyieni kazi: mechi za namna hii huishia hapo.

Wakipiga kona, tuache wangapi mbele?

Wawili. Makocha wanaogopa, lakini mpinzani naye anaogopa: ukiacha wawili, ataacha watatu kuwalinda, na boksi lako linakuwa jepesi. Mmoja kati ya hao wawili akae upande, karibu na chaki, siyo wote katikati.

Kipa akiudaka, asijitupe chini kupoteza muda. Sheria iliyoanza na msimu wa 2025/26 inampa sekunde nane za kuushika kwa mikono. Akizidisha, ni kona kwao, na refa anahesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole. Bora akimbie mpaka ukingo wa boksi na kuurusha kwa mkono kwa aliye mbele yake. Mpira wa mkono unafika chini na unafika anapotaka. Ule wa kupiga juu unampa beki wao muda wa kurudi, na upepo wetu unamsaidia.

Tukiongoza, turudi nyuma zaidi?

Hapana. Kurudi nyuma kunaondoa mita ambazo mawinga wanazihitaji. Kila Mtanzania ana kumbukumbu ya San-Pédro, Januari 2024, Taifa Stars na Zambia kwenye AFCON: Msuva alitufungia dakika ya 11, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na dakika ya 88 Daka akasawazisha. Simlaumu mtu pale. Nasema tu kwamba bao moja ni dogo, na wapinzani wanaolitafuta la kusawazisha ndio wanaofungua migongo yao. Huo ndio muda wa kumwingiza winga mwenye miguu mipya. Mashindano mengi sasa yanaruhusu kubadilisha watano. Uliza kanuni za ligi yako kabla ya msimu, zingine bado zina utaratibu wake.

Winga wangu ana mbio za ajabu lakini harudi kukaba.

Mfanye mshambuliaji. Nasema kweli. Kumbembeleza kijana asiyerudi ni kumtesa namba mbili wako, ambaye kila wiki atapambana na watu wawili na lawama zote zitamwangukia yeye. Winga wa mfumo huu ni mkabaji kwanza. Mwenye mbio za wastani anayekumbuka kurudi ndani atakufaa kuliko chipukizi anayesubiri mpira chaki huku ameshika kiuno.

Tufanye zoezi gani? Tuna mipira mitatu na koni chache.

Moja linatosha kuanzia. Tumia uwanja mzima kwa urefu, na panga koni mbili mbili kuweka upana wa boksi kutoka goli moja mpaka la pili, ili vijana waone uchochoro wa katikati na vichochoro viwili vya pembeni. Wanane wanalinda: mabeki wanne, viungo wanne. Mbele yao kwenye mstari wa katikati, washambuliaji wawili. Wapinzani ni saba au wanane waliobaki. Kipa wenu mmoja, na goli la pili nalo liwe na kipa au liache tupu.

Wapinzani wanaanza na mpira. Walinzi hawaruhusiwi kutoka nje ya koni mpaka pasi iende kwa mtu wa pembeni. Pasi ikisafiri, namba sita anaita "sasa" na mtego unafungwa. Wakipora, wewe unaanza kuhesabu kwa sauti mpaka kumi. Bao kabla ya kumi ni mawili. Likichelewa ni moja. Winga wa mbali akiwa hayupo nguzo ya mbali krosi inapopigwa, bao halihesabiwi hata kama limeingia kiufundi namna gani. Sharti hili litawaudhi sana siku ya kwanza, hasa mfungaji, na ndilo linalofundisha kuliko maneno yangu yote.

Fanya kwa dakika nne, pumzisha mbili, mara tano au sita. Usizidishe. Hizi ni mbio za nguvu zote, na kijana aliyechoka hujifunza kukimbia taratibu.

Uwanja wetu ni mwembamba. Mfumo bado unafanya kazi?

Upime kwanza. Sheria inaruhusu upana wa kuanzia mita 45 mpaka 90, kwa hiyo mpo ndani ya kanuni hata kama mnaona mmebanwa. Kwenye mita 45 au 50, mtego wa pembeni unafanya kazi vizuri zaidi, maana chaki ipo karibu. Kinachopungua ni nafasi ya kukimbilia. Hapo mwambie mshambuliaji wa mbele ndiye akimbilie pembeni na winga aingie nafasi yake katikati. Mabeki wa kati hawapendi kuvutwa chaki. Na mpeni mazoezi mtu mmoja wa kurusha mbali.

Niwafundishe watoto wa UMITASHUMTA mfumo huu?

Wa shule ya msingi, hapana. Mtoto wa darasa la tano ukimwambia amwachie mwenzake mpira asubiri, utakuwa umemnyima mchezo aliokuja kuucheza. Waache wote waguse mpira, wapige chenga, wapoteze, wapoke tena. Wa UMISSETA, yaani wa sekondari, unaweza kuanza nao, lakini anza na zile mbio tatu, kwa sababu wanazipenda. Kuhama kwa wanane kulia na kushoto kuje muhula unaofuata, kwa dakika kumi na tano za mwanzo wa mazoezi, kabla jua halijawachosha na wakaanza kutega.